Kutia Jeni Katika Nafaka: Je, Ni Kugeuza Umbo la Mwenyezi Mungu?

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyeiumba punje ndogo na akaweka ndani yake shina na majani na suke. Na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad, na Aali zake na Sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Yaulizwa sana mabarazani juu ya nafaka zilizotiwa jeni. Huyu asema ni haramu, kwani ni kugeuza umbo la Mwenyezi Mungu. Na yule asema ni halali, kwani ni ilimu, na ilimu haikatazwi. Na aghalabu wote wawili hawajui jambo lenyewe hufanywaje. Wanavyuoni wamesema kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukijua. Asiyekijua kitu hana haki ya kukitolea hukumu. Kwa hiyo yafaa kwanza jambo lielezwe, kisha hukumu yake itazamwe.

Ijulikane kwamba kila kilicho hai, mnyama au mmea, mwili wake umejengwa kwa vyumba vidogo mno visivyoonekana kwa macho matupu, navyo huitwa seli. Ndani ya seli Mwenyezi Mungu ameweka uzi mwembamba uliopangwa mfano wa maandishi, na katika uzi huo zimo amri za kiumbe kile: rangi yake, kimo chake, ladha yake, na nguvu zake za kustahimili maradhi. Kipande cha uzi kinachobeba amri ndicho kiitwacho jeni. Wala neno hili halihusiani na majini hata kidogo. Mtoto hurithi jeni kwa wazazi wake, na mbegu hurithi kwa mmea ulioizaa.

Wakulima tangu kale huchagua mbegu njema na kuchanganya mmea na mwenzake, na katika mchanganyo huo jeni maelfu hukutana. Jambo jipya la zama hizi ni kuchukua jeni moja au mbili tu, hata kwa kiumbe cha jinsi nyingine kabisa, na kuzitia katika mmea. Na mimea iliyowasumbua sana wataalamu ni nafaka, yaani mpunga, mahindi, ngano, shayiri na mtama. Njia walizozitumia zaidi ni tatu.

Njia ya kwanza ni kuivua seli ukuta wake. Seli ya mmea imezungukwa na ukuta mgumu, nao huzuia jeni isiingie. Basi ukuta ule huyeyushwa, seli ikabaki uchi, kisha hutiwa katika maji yenye jeni, na hupigwa kwa umeme wa kitambo kidogo, au hutiwa dawa, ili utando wake ufunguke na jeni ipite. Kwa njia hii ulipatikana mpunga uliotiwa jeni katika miaka ya mwisho ya 1980. Taabu yake ni kwamba seli iliyovuliwa ukuta ni dhaifu, na kuilea hata iwe mmea mzima wenye kuzaa ni kazi ngumu.

Njia ya pili ni bunduki. Mtaalamu mmoja wa Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, jina lake John Sanford, alifikiri pamoja na wenzake kwamba ikiwa mlango haufunguki, basi na utobolewe. Wakachukua chembe za madini, kila moja upana wake sehemu chache tu katika elfu za milimita, wakazipaka jeni, wakazifyatua kwa nguvu za baruti ziingie ndani ya seli za kitunguu; na khabari za kufaulu kwao zilitangazwa mwaka 1987. Baadaye chembe zikawa za dhahabu, na badala ya baruti ikatumika hewa iliyoshindiliwa. Mwaka 1990 yakatangazwa mahindi yenye kuzaa yaliyopatikana kwa bunduki hii, na mwaka 1992 ikafuata ngano.

Njia ya tatu ni ya ajabu zaidi, kwani haikubuniwa na binaadamu. Yuko kijidudu katika udongo aitwaye agrobakteria. Kazi yake ni kuingia katika jeraha la mmea na kutia kipande cha jeni zake ndani ya seli za mmea huo; na mmea, kwa amri ya jeni zile, hufanya uvimbe na kumpikia kijidudu chakula chake. Uvimbe huu ulijulikana tangu zamani, na mwaka 1977 Mary-Dell Chilton na wenzake huko Marekani wakathibitisha kwamba kijidudu hiki kweli huhamisha jeni. Wataalamu wakaziondoa jeni za uvimbe, wakaweka mahali pake jeni waitakayo, wakamwacha kijidudu afanye kazi aliyoumbiwa. Lakini agrobakteria hupenda mimea ya majani mapana, na nafaka si katika mimea yake. Kwa hiyo ilipita miaka zaidi ya kumi, hata mwaka 1994 wataalamu wa Kijapani walipofaulu vyema kwa mpunga. Miongoni mwa hila zao ni kumtilia kijidudu dawa ile ambayo mimea mingine huitoa inapojeruhiwa, naye akaitika kana kwamba ameitwa. Mwaka 1996 ikawa kwa mahindi, na mwaka 1997 kwa ngano na shayiri.

Katika njia zote tatu, seli zinazoipokea jeni ni chache katika nyingi, na mtaalamu hachagui jeni itue mahali gani katika uzi. Kwa hiyo hulazimika kuchagua mimea michache katika mamia, kuitupa mingine, na kuichunguza iliyobaki miaka mingi. Tangu mwaka 2012 umepatikana mfano wa mkasi ukatao uzi mahali palipokusudiwa, na kwa mkasi huo yawezekana kurekebisha jeni ya mmea wenyewe pasi na kuleta jeni ngeni. Lakini mkasi nao hauna budi kufikishwa ndani ya seli, na mara nyingi hufikishwa kwa njia zile zile tatu.

Hiyo ndiyo sura ya jambo. Sasa yatazamwe mas'ala yake.

Mas'ala ya kwanza: je, huku ni kugeuza umbo la Mwenyezi Mungu? Wanaoharamisha hushika aya ya 119 ya Suratun-Nisaa, ambamo kimetajwa kiapo cha Iblisi kwamba atawaamrisha watu wakate masikio ya wanyama na wageuze alichokiumba Mwenyezi Mungu. Aya hii ni ya kweli na onyo lake ni zito. Lakini wafasiri wa kwanza hawakuifahamu kuwa yakataza kila mageuzi. Mujahid na wengine wamesema muradi ni kugeuza dini ya Mwenyezi Mungu. Wako waliosema ni kuhasi wanyama. Na Hasan wa Basra amesema ni kuchora mwili kwa sindano. Na lau kila mageuzi yangekuwa haramu, basi kukata kucha kungekuwa haramu, na kutahiri, na kubebesha mti tawi la mti mwingine.

Tena, nafaka zote zinazoliwa leo zimekwisha geuka zamani. Mahindi asli yake ni jani pori la Mexico lenye punje chache ngumu, na wenyeji wa huko wamelichagua na kulilea tangu miaka ipatayo 9,000 hata likawa na gunzi lijulikanalo sasa. Ngano ya mkate ni mchanganyo wa majani ya jinsi tatu. Na lenye kushangaza zaidi ni hili: mwaka 2015 wataalamu wa chuo kikuu cha Ghent, huko Ubelgiji, pamoja na wenzao, walitangaza kwamba wamechunguza mamia ya aina za viazi vitamu vinavyolimwa, wakaona ndani yake jeni za agrobakteria, zilizoingia zama za kale pasi na mkono wa mtu. Basi mtu wa pwani anayefuturu kwa viazi vitamu vilivyopikwa kwa tui la nazi, naye mwezi mzima wa Ramadhani amekula mmea uliotiwa jeni na kijidudu kile kile. Hakuna mwanachuoni aliyesema futari yake ni haramu.

Na imepokewa katika Sahihi ya Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alipokuwa Madina aliwaona watu wakiipandishia mitende ya kike unga wa mitende ya kiume, akaona kwa dhana yake kwamba huenda jambo lile halina haja. Wakaliacha, na mwaka ule matunda yakawa mabaya. Alipoambiwa aliwabainishia kwamba ile ilikuwa ni rai yake katika jambo la kidunia, na kwamba wao ndio wajuao zaidi mambo ya dunia yao. Katika hadithi hii mna hoja iliyo wazi kwamba hila za kuzalisha mimea ni katika mambo yaliyoachiwa ujuzi na majaribio ya watu, maadamu hayagongani na katazo la sharia.

Mas'ala ya pili: tahara ya nafaka hiyo. Huenda mtu akasema: ikiwa jeni imetoka kwa kijidudu au kwa kitu kichafu, je, punje haiwi najisi? Jawabu yake imo katika vitabu vya madhihabi ya Imamu Shafi'i. Wanavyuoni wamesema kwamba mmea uliooteshwa juu ya samadi iliyo najisi si najisi kwa dhati yake. Sehemu iliyoguswa na najisi huoshwa, na punje itokayo katika suke ni tahiri. Ikiwa punje iliyolishwa na samadi ni tahiri, basi iliyopokea jeni ya kijidudu wa udongo au ya mmea mwingine haina shaka. Ama kitu kitokacho kwa nguruwe, Muislamu na akae nacho mbali, kwani hakuna dharura inayokipeleka huko, na aachaye yenye shaka huisalimisha dini yake.

Mas'ala ya tatu, nayo ndiyo kubwa. Imamu Izzuddin bin Abdissalam, mwanachuoni wa Kishafi'i aliyefariki mwaka 660 wa Hijra, ameeleza kwamba njia hupata hukumu ya makusudio yake. Bunduki ya dhahabu na kijidudu cha udongo ni njia tu. Kubishana juu yake, kwamba hii ni mbaya na ile ni nzuri, ni kuacha shina na kushika kivuli. La kuulizwa ni haya: kilichobebwa ni nini, kimebebwa kwa ajili ya nani, na kwa mkataba gani?

Mfano wake ni huu. Kwa bunduki ile ile yalipatikana mahindi yanayojilinda na funza wa bua, na mahindi yanayostahimili dawa ya kuulia magugu. Ya kwanza yamewapunguzia wakulima wengi haja ya kunyunyiza sumu, na hiyo ni maslaha. Ijapokuwa huko Afrika Kusini funza wamekwisha onekana kuizoea kinga hiyo. Ya pili yamemfunga mkulima anunue mbegu na dawa pamoja, na katika nchi zilizoyalima kwa wingi yameota magugu yasiyosikia dawa tena. Njia ni moja, na matokeo ni mbalimbali.

Na mfano mkubwa zaidi ni mpunga wa rangi ya dhahabu. Wali mweupe ni chakula cha watu wengi mno, nao hauna kile kijenzi ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Mtoto asiyepata vitamini hiyo hudhurika macho, na mwili wake hushindwa kupigana na maradhi. Shirika la Afya Duniani limepata kukadiria kwamba watoto kati ya 250,000 na 500,000 hupofuka kila mwaka kwa sababu hiyo, na nusu yao hufariki ndani ya miezi kumi na miwili. Ingo Potrykus wa Uswisi na Peter Beyer wa Ujerumani walitangaza mwaka 2000 kwamba kwa kumtumia agrobakteria wametia katika mpunga jeni za ua la narjisi na za kijidudu kingine, na punje ikawa ya manjano yenye kijenzi kile. Mwaka 2005 jeni ya ua ikabadilishwa kwa jeni ya mahindi, na kijenzi kikazidi mara 23.

Walakini mpunga huu haukufika sahanini upesi. Ilionekana kwamba hila zilizotumika zilikuwa zimefungwa na haki za uvumbuzi zipatazo 70, zilizomilikiwa na makampuni na vyuo mbalimbali. Haikuwezekana kumpa maskini mbegu mpaka wenye haki hizo waridhie. Wakaridhia, na sharti likawa kwamba mkulima ambaye pato lake halifiki dola 10,000 kwa mwaka haombwi malipo ya haki hizo, na ana ruhusa ya kuweka mbegu na kuipanda tena. Philippines ikaruhusu ulimwe mwaka 2021, na mwezi wa Aprili 2024 Mahakama ya Rufani ya nchi hiyo ikaiondoa ruhusa, kwa hoja kwamba usalama wake haujathibitishwa vya kutosha. Wanaoupinga husema kwamba mboga za majani, maembe na matone ya vitamini yatosha. Na wanaoutetea husema kwamba maskini hayapati hayo kila siku, bali wali huupata. Pande zote mbili zina la kusikizwa. Lakini na ikumbukwe kwamba kuchelewa nako kuna mhanga wake, na mhanga huyo ni mtoto asiyejua kesi wala hoja.

Kutoka hapa Muislamu na atazame mambo manne ambayo sharia imeyafafanua.

La kwanza ni masharti ya kuuza. Mafakihi wa Kishafi'i wamesema kwamba sharti linalopingana na maana ya mkataba, kama kumuuzia mtu kitu kwa sharti asikiuze wala asikitoe, huubatilisha uuzaji. Basi ni vipi kumuuzia mkulima mbegu kwa sharti kwamba punje zitakazozaliwa shambani mwake, kwa jasho lake na mvua ya Mola wake, asizipande? Ni kweli kwamba Baraza la Fikihi la Kiislamu, katika mkutano wake wa Kuwait mwaka 1988, limezitambua haki za waandishi na wavumbuzi, na kwamba mvumbuzi astahiki ujira. Wala hakuna anayemnyima ujira. Lakini ujira una mpaka, na kuifuata punje hata kwa watoto na wajukuu wake ni jambo ambalo wanavyuoni yawapasa waliangalie kwa makini, wasilipitishe kwa kuwa tu limeandikwa katika sheria za nchi tajiri.

La pili ni kuikata mbegu kizazi. Mwaka 1998 ilitolewa Marekani haki ya uvumbuzi kwa hila ya kuufanya mmea uzae punje zisizoota, ili mkulima arudi dukani kila msimu. Mwezi wa Mei 2000 mataifa yaliyokutana Nairobi yakashauri hila hiyo isiruhusiwe hata kujaribiwa mashambani, nayo haikuuzwa sokoni. Msomaji na arejee aya ya 205 ya Suratul-Baqara, ambamo amelaumiwa mtu apitaye katika ardhi akiharibu mimea na vizazi. Hapa ndipo penye kugeuza umbo kwa kweli: Mwenyezi Mungu ameiumba punje izae, naye binaadamu ataka iwe tasa kwa tamaa ya mali.

La tatu ni haki ya jirani. Unga wa mahindi huchukuliwa na upepo na kuingia shamba la mwingine. Imamu Nawawi katika Minhaj ameeleza kwamba kila mtu hutumia mali yake kwa mujibu wa ada, na akipita mpaka akadhuru hulipa. Basi anayepanda mbegu mpya ndiye yampasaye kujitenga na kuchukua hadhari. Wala haifai mambo yageuzwe, jirani aliyeingiliwa ndiye adaiwe.

La nne ni kusema kweli. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alitia mkono wake katika lundo la nafaka sokoni, akakuta ndani yake majimaji, akamlaumu mwenye kuuza kwa kuwa hakuiweka ile iliyorowa juu watu waione. Haya yalikuwa katika nafaka, na ghishi ile ilikuwa ya maji tu. Muuzaji wa nafaka iliyotiwa jeni na aseme. Anayeridhika atanunua, na asiyeridhika ataacha, na hakuna aliyedhulumiwa.

Na mwaka 1997 Baraza hilo la Fikihi, likiwa Jeddah, lilipitisha kwamba yafaa kisharia kutumia ilimu ya jeni katika vijidudu, mimea na wanyama, ndani ya mipaka ya sharia, kwa kuleta maslaha na kuzuia madhara. Wanaotaja uamuzi huu mara nyingi hulisoma neno "yafaa" na wakaiacha mipaka, na wanaoupinga huishika mipaka na wakaliacha neno "yafaa". Haki ni kuyachukua yote mawili.

Jambo hili si la mbali. Kenya ilizuia kuingizwa kwa vyakula vilivyotiwa jeni mwezi wa Novemba 2012, ikaondoa zuio mwezi wa Oktoba 2022, na mara kesi zikafunguliwa mahakamani. Na gunia la mahindi linaloshushwa bandarini, anayelinunua ni mtu wa pwani. Basi asikurupuke mtu kusema hili ni haramu pasi na dalili, kwani katika aya ya 116 ya Suratun-Nahl Mwenyezi Mungu amezikataza ndimi kuhalalisha na kuharamisha kwa uwongo. Wala asikurupuke mwingine kusema ni halali tu kwa kuwa imetoka maabarani. Na wauliziwe wataalamu waaminifu juu ya madhara yake, na mafakihi juu ya mikataba yake, na kila nafaka ihukumiwe peke yake kwa kilichotiwa ndani yake na kwa masharti iliyouzwa nayo. Mbegu ni amana iliyopokewa kwa waliotangulia, na ni haki ya watakaokuja. Na mwenye amana ataulizwa siku ya Kiyama alivyoichunga, si alivyoipata tu.

Mwenyezi Mungu awape Waislamu ilimu yenye manufaa na riziki ya halali, na awahifadhi watoto wao na njaa na upofu. Amin.

Wallahu aalam.